Mdomo wa Dele Chini ya Gari la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu aliendesha gari kwa mguu mmoja. Mguu wake wa kushoto ulipooza akiwa mtoto, ukabaki mwembamba kama mwiko, na alipotembea aliuburuta huku mkono mmoja umeshika goti. Gari la kawaida lina pedali tatu na linataka miguu miwili: wa kulia wa mafuta na breki, wa kushoto wa klachi. Lake lilikuwa na pedali mbili tu. Gia zilijibadilisha zenyewe ndani ya kisanduku kilicholala chini ya sakafu, kati ya viti vya mbele. Mimi nilikuwa fundi wa magari, na nilikiogopa kisanduku hicho kama mtoto anavyoogopa kisima.

Mambo haya yalikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Mama mkwe alikaa Mbotela, katika nyumba za zamani za kaunsili. Mimi na mke wangu tulikaa Shauri Moyo, na kazi yangu niliifanyia kwenye uwanja wa wazi karibu na Soko la Burma, mahali ambapo moshi wa nyama choma ulikufikia kabla hujamaliza kufungua boneti. Gari lenyewe aliachiwa na marehemu baba mkwe. Alikuwa mpishi wa familia moja ya wageni, na walipofunga virago kurudi kwao walimwuzia kwa bei ya kutupa, kwa sababu hapakuwa na fundi aliyetaka kuligusa. Mzee hakulifaidi sana. Alipofariki watu walidhani mjane ataliuza. Badala yake alimwomba jirani amfundishe, akazunguka nalo uwanja wa mpira hadi nyasi zikaisha, kisha akaingia nalo Jogoo Road.

Biashara yake ilikuwa mayai na kuku. Alikwenda kuvichukua mashambani huko Njiru, ambako siku hizo kulikuwa na mashamba na machimbo ya mawe na upepo, akavileta kwenye hoteli za Burma. Kabla ya gari alikuwa akibebwa. Makondakta walimnyanyua kwa makwapa kumpandisha basi, wakamshusha vivyo hivyo, mbele ya watu, kitambaa kikimtoka kichwani. Alimwambia mke wangu mara moja, nami nikasikia kupitia ukuta, kwamba hataki kubebwa tena na mtu yeyote hadi siku ya jeneza. Neno hilo likae akilini mwako, maana ndilo lililokuwa chini ya kila boliti nitakayokuelezea.

Sasa nikueleze habari ya adabu, kwa sababu bila hiyo hutaelewa jinsi gari lilivyougua.

Kwetu, upande wa Mumias, mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Ukimwona njiani unampisha. Huli mbele yake, humpi mkono, huketi karibu naye, na ukiwa na neno unalituma kwa mtu wa tatu. Si chuki hata kidogo. Ni heshima kubwa inayohitaji nafasi, kama moto mkubwa. Yeye alizaliwa Majengo kwa watu waliotoka pwani, na kwao mkwe huheshimiwa lakini huketishwa mkekani na kulishwa. Alituona vichekesho. Alikuwa akimwambia mke wangu, kwa sauti ya kutosha nisikie nilipo, "Mume wako ananikimbia kama nina ndui. Mwambie sina." Nami nikimwambia mke wangu, kwa sauti ya kutosha asikie alipo, "Mwambie Mama najua hana."

Uwanjani wenzangu waliifanya adabu hiyo kuwa mchezo wao. Fundi hulala chali chini ya gari miguu ikichungulia nje, na mkwe kumkuta mkwewe amelala hivyo ni aibu. Basi walipoliona lile gari la rangi ya maziwa likikata kona, walipiga mluzi. Mmoja wao, fundi wa rangi, hakutosheka na mluzi.

"Buda, toka! Mamako mkwe huyo! Ficha miguu!"

Nilikuwa nikitoka mbio hadi nikajigonga kichwa, nikute ni lori la mkaa tu, nao wamekaa juu ya matairi wakicheka mpaka machozi.

Lakini masikio yangu hayakuwa na adabu. Kila gari lake lilipopita nililisikia. Zamani liliondoka kama mtu anayevuta pumzi, likapanda sauti, likashuka, likapanda tena, na usipoambiwa hungejua kwamba hapo katikati gia zimebadilika. Kisha nikaanza kusikia jambo jingine. Injini ililalama, gari halisogei sawasawa, halafu ghafla likashika kwa teke. Niliona kichwa cha mama mkwe kikirukia mbele. Baadaye mke wangu akaniambia hoteli moja imemrudishia mama yake mayai kwa sababu yalifika yamepasuka.

Sikumwuliza. Mama mkwe haulizwi. Naye hakuniambia, kwa sababu mkwe hasumbuliwi. Yeye alimwuliza dereva mmoja wa lori aliyekuwa akila Burma, na dereva yule, kwa nia njema kabisa, akamshauri, "Likiteleza, Mama, lishindilie oili nzito. Litashika." Akanunua oili ya injini, nzito kama asali, akaimimina mahali pa oili ya giaboksi, kile kisanduku cha gia. Likashika siku chache. Halafu likaanza kupiga mateke kama punda.

Siku ambayo halikukubali kupanda mlima mdogo wa pale darajani, alimtuma mke wangu. "Mwambie mume wako, nampa gari. Likifa, nimekwisha." Kisha, mke wangu aliniambia, akageuza uso ukutani.

Basi ikanibidi nikifungue kisima.

Ngoja nikueleze taratibu, wala usiogope. Mimi mwenyewe nilielewa polepole. Chini ya giaboksi ya namna ile pana sinia la bati, pana na lenye kina kifupi, lililofungwa kwa boliti ukingoni kote. Mafundi tunaliita sampu. Oili hushuka humo, hupita kwenye chujio, kisha hufyonzwa juu tena. Injini nayo ina sampu, lakini ile ya injini ina nati moja chini yake: unaifungua, oili yote inamwagika ndani ya karai, unaifunga, umemaliza. Sampu ya giaboksi ile haikuwa na nati. Waliolitengeneza gari sijui walimfikiria nani. Ili kumwaga oili, ulilazimika kulegeza boliti moja moja ukingoni, ukiwa umelala chini, ukiombea sinia liiname upande mmoja kwa upole. Haliinami kwa upole. Linashikilia, linashikilia, kisha linaachia lote kwa pamoja.

Liliachia usoni mwangu. Ilipaswa kuwa oili nyekundu, nyepesi. Iliyoniingia masikioni ilikuwa ya hudhurungi, nzito, ikinuka kama maandazi yaliyoungua. Hapo ndipo nilipomtuma mke wangu kuuliza, naye akarudi na habari ya dereva wa lori.

Nilijifuta, nikatazama juu. Nisamehe nikisimama hapa kidogo. Nilikuwa nimefungua injini nyingi, na injini ni kitu cha ukweli: inasukuma, inazunguka, inapiga kelele, unaielewa. Lakini kilichokuwa juu ya kichwa changu kilikuwa ubao wa chuma uliochorwa njia nyembamba, zikipinda, zikikutana, zikiachana, kama vichochoro vya Majengo ukivitazama kutoka angani. Hapakuwa na waya humo. Kilichopita katika vichochoro hivyo ni oili tu. Oili ndiyo iliyohisi mwendo wa gari, ikasukuma kizibo hiki, ikafungulia njia ile, ikaamua sasa ni gia ya pili, sasa ni ya tatu. Kitu cha majimaji kilikuwa kinafikiri, na kwa miaka yote hiyo kilikuwa kikimfikiria mwanamke mmoja, mahali pa mguu wake wa kushoto. Nililala pale chini, tone moja likinidondokea shingoni, nikasema Subhanallah, kwa sauti. Fundi wa rangi akauliza kama nimeumia.

Nilipoielewa kazi ya oili, nikaelewa pia ugonjwa. Oili nzito haiwezi kukimbia vichochoroni. Inachelewa, na ikifika inafika kwa kishindo. Dawa ni kuitoa yote na kutia ile nyekundu. Lakini sinia lile hubeba chini ya nusu ya oili yote. Nyingine inabaki ndani ya bakuli kubwa lililofungwa, kati ya injini na giaboksi, na bakuli hilo halina njia ya kuingiza mkono. Umewahi kuosha kibuyu cha maziwa? Huwezi kukisugua ndani. Unatia maji, unatikisa, unamwaga; unatia tena, unatikisa, unamwaga, hadi maji yatoke meupe. Hii nayo ni hivyo hivyo. Unamwaga, unajaza oili mpya, mwenye gari analizungusha, unamwaga tena. Kila mara inatoka safi zaidi kuliko mara iliyotangulia.

Shida ni kwamba kila mara ningelazimika kushusha sinia zima. Kati ya sinia na giaboksi pana gasketi ya gome laini, ya kuzuia oili isipenye, na ile ya zamani ilinikatikia mikononi kama mkate mkavu. Niliipata moja tu mjini kote, na mwenye duka aliniapia hana nyingine. Gasketi moja, na mimi nataka kumwaga tena na tena.

Nilikaa nyumbani jioni hiyo nimeliweka sinia mapajani, nimeliosha linang'aa. Mke wangu alikuwa akipepeta mchele. Alinitazama, nywele zangu bado zina oili, akacheka.

"Kwani sufuria yenu hiyo haina mdomo?"

"Haina."

"Hata dele la kahawa lina mdomo. Ungekuwa unainamisha dele zima kichwani ndipo unywe kahawa, ungefanana hivyo ulivyo."

Alirudi kwenye mchele wake. Mimi sikurudi popote. Nilikuwa nimeshaanza kuuona ule mdomo.

Ukiwa na sinia la bati jembamba, huwezi kutoboa tundu ukakata njia za skurubu humo humo. Bati halina unene wa kushika. Lazima upachike kipande kinene chenye njia zake. Nilikwenda kwenye chuma chakavu, nikapata sampu ya injini ya lori iliyokufa, nikakata ule mviringo mnene wenye nati yake, mkubwa kama chini ya kikombe. Sasa niupachike wapi? Nilipaka mafuta ya taa na masizi kwenye chujio, nikaliinua sinia mahali pake, nikalishusha, nikaona masizi yalipogusa. Huko hakufai, maana kipande kingekutana na chujio. Chini katikati nako hakufai. Barabara ya Njiru ina mawe yanayoinuka, na jiwe moja lingeng'oa nati na kumwaga kila kitu. Nikachagua pembe ya nyuma, ubavuni, pale sinia linapopinda kuelekea juu. Nati itatazama nyuma, sinia lenyewe liwe ngao yake. Kidogo cha oili kitabaki chini, lakini kibuyu kimetufundisha kwamba kidogo si neno.

Kilichobaki ni kukiunga. Fundi wa kuchomelea wa uwanjani kwetu alilitazama bati akatikisa kichwa. "Hii nikiigusa na moto wangu itajikunja kama chapati," alisema, na alisema kweli. Ukingo wa sinia ukijipinda hata kwa unene wa ukucha, hautalala sawa kwenye gasketi, na oili itapenya safari nzima.

Nani basi, katika Nairobi hii, aliyeweza kuunga bati jembamba kwa shaba pasi na kulipinda, na lisipite hata tone? Nilicheka peke yangu nilipojibu swali langu. Nikalifunga sinia kwa gazeti, nikaenda Majengo kwa mfua madele.

Huyu alikuwa mtani wangu wa miaka mingi, mtu wa maneno mengi na sifa nyingi, zote akijisifu yeye. Wauza kahawa wote wa Pumwani walibeba madele aliyoyaunda au kuyaziba. Alilifungua gazeti.

"Loo! Umeniletea bakuli la mbwa."

"Ni la gari la mama mkwe."

"Ah. Basi ni bakuli la mkwe wa mbwa." Alikigusa kipande changu cha lori, akakigeuza. "Na hiki kitovu unataka nikipachike wapi?"

Nilimwonyesha, nikamweleza kila kitu: oili, vichochoro, mguu. Nilipofika kwenye mguu aliacha utani. Alimjua, mama mkwe alikulia mitaa mitatu kutoka hapo. "Yule tulikuwa tukimbeba mgongoni kwenda madrasa," alisema. "Alikuwa anatupiga makonzi tukienda polepole."

Kisha akafanya jambo nisilolisahau hadi leo. Alijaza karai mchanga, akaumwagia maji, akalizika sinia humo, ukingo wote ukafunikwa na mchanga mbichi, pembe moja tu ikibaki nje. "Moto ni kama mgeni," aliniambia. "Mwonyeshe chumba kimoja, vingine vifunge." Alikwangua bati hadi likawa jeupe, akapanga kipande juu ya tundu, akanyunyiza unga mweupe unaosaidia shaba kutiririka, akaweka vipande vya shaba ya manjano kukizunguka kama shanga. Akapanga makaa ya moto kuzunguka pembe ile, akaanza kuvukuta. Makaa yaligeuka mekundu, kisha rangi ya chungwa, na bati likaanza kuwaka pembeni tu, huku sentimita chache kando mchanga ukitoa mvuke na ukingo ukibaki baridi. Kwa muda hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri ameshindwa. Halafu shaba ikakubali. Ilipoteza umbo lake mara moja, ikalegea, ikakimbia kuzunguka kile kipande, ikaingia yenyewe katika ufa mwembamba usioweza kuingiza hata unywele, kana kwamba imeitwa kwa jina. Duara zima lilimeta.

"Umeona?" alisema mtani wangu, jasho likimtoka. "Umeona? Sema umeona."

"Nimeona."

"Sema tena."

Ukingo, tulipouweka juu ya kioo, ulilala wote.

Lakini yeye hakuniruhusu kuondoka. Dele haliachi nyumba yake bila kujaribiwa. Alipaka chokaa nje ya muungo, akaiacha ikauke ikawa nyeupe, akafunga nati, akatia mafuta ya taa ndani ya pembe ile. Mafuta ya taa hupenya mahali ambapo maji hayathubutu. Pakiwa na tundu hata la ncha ya sindano, chokaa itaonyesha doa. Nikarudi kesho yake nikakuta doa.

Lilikuwa dogo, la kijivu, kama alama ya kidole. Mtani alilitazama kwa karibu, akalinusa, kisha akanipiga bega.

"Kwangu hapavuji. Kwako ndiko kunakovuja! Tazama, limetoka kwenye nati, si kwenye shaba."

Ilikuwa kweli. Ile pete ya kuziba iliyokaa kwenye nati ya lori ilikuwa imechakaa. Alichukua kipande cha shaba nyekundu cha dele lililotupwa, akakata pete mpya, akaichoma hadi ikawaka, akaitumbukiza majini. Mimi ni mtu wa chuma. Chuma kikichomwa na kutumbukizwa ghafla hugeuka kigumu. Pete ile ilitoka majini laini kama ngozi, nikaweza kuikunja kwa vidole. Shaba na chuma, moto ule ule, maji yale yale, na kila kimoja kinajifunza kinyume cha mwenzake. Alikaza nati, pete ikajibana na kujaza kila mkwaruzo. Chokaa mpya ilikaa nyeupe usiku kucha na mchana uliofuata.

Nilifunga sinia na ile gasketi yangu ya pekee. Boliti za sinia la namna hii hazikazwi kwa hasira, nakuomba ukumbuke. Unakaza kidogo kidogo, ukivuka kutoka upande huu kwenda wa pili, kama mtu anayefunga kifuniko cha sufuria ya pilau. Nikajaza oili nyekundu. Mke wangu akapeleka ujumbe: Mama alizungushe mtaani, asiende mbali, alirudishe.

Liliporudi nililala chini, nikaweka karai, nikafungua nati moja. Moja tu! Oili ikatoka kwa mkondo mmoja mzuri uliopinda, kama kahawa inayomiminwa kutoka juu na mtu anayejua kumimina. Haikunigusa. Wenzangu walikuja kuchungulia mmoja mmoja, na yule wa rangi akapiga magoti kabisa. "Lakojoa!" akasema, lakini kwa sauti ya chini, kama yuko msikitini.

Siku zile zilikuwa zetu za kuosha kibuyu. Kila nilipomwaga niliweka tone kwenye karatasi nyeupe. La kwanza lilikuwa kama chai ya rangi. Lililofuata lilikuwa na wekundu pembeni. Mwishowe likaja tone jekundu safi, kama wino wa mwalimu.

Oili ilikuwa imepona. Lakini giaboksi je? Huenda teke limeshaumiza kitu humo ndani, na hilo hujulikana kwa kusikiliza gari likiwa na mzigo, likienda mbali. Mke wangu alijaribu kuwa masikio yangu. "Mama anasema zamani lilifanya *nduuu, kap!* Sasa linafanya *nduuu*."

"*Kap* imekwisha?"

"Anasema hajui kama imekwisha au imejificha."

Huwezi kutengeneza giaboksi kwa *nduuu* ya kutumwa. Ilibidi nipande. Mama mkwe akalimaliza jambo mwenyewe kupitia binti yake: "Mwambie aingie. Kama anaogopa uso wangu, mimi natazama barabara."

Tukaenda Njiru, mama mkwe kwenye usukani, mke wangu kando yake, mimi nyuma. Sikukaa kitini. Nililala sakafuni, nikainua kapeti, nikabandika sikio langu kwenye ule mgongo wa bati ambao giaboksi imelala chini yake. Hivyo nilitii adabu na kazi kwa pamoja. Tukapita Jogoo Road, tukashika Outering, tukaingia Kangundo Road, na maneno yakapita juu ya kichwa changu kama barua.

"Mama anauliza umesikia?"

"Mwambie bado. Mwambie akanyage kidogo zaidi."

"Mama, anasema kanyaga kidogo zaidi."

"Nimemsikia, mimi si kiziwi. Mwambie nakanyaga."

Huko Njiru tulipakia. Trei za mayai zilipangwa kiti cha nyuma, na kuku waliofungwa miguu waliwekwa sakafuni pamoja nami, mmoja akinitazama kwa jicho moja njia nzima. Sasa gari lilikuwa na mzigo. Sasa ndiyo ulikuwa mtihani. Mama mkwe alishika usukani kwa mikono yote miwili, na kutoka sakafuni niliona mguu wake wa kushoto umepumzika, umetulia, haudaiwi chochote.

Nilisikiliza. Niliisikia oili, au nilidhani naisikia, mvumo mwembamba ukikimbia vichochoroni. Nilingoja kile kishindo. Tulipanda mwinuko. Tukashuka. Nikangoja swali la mke wangu, halikuja. Nikainua kichwa. Alikuwa amelala, shavu kwenye kioo, mdomo wazi.

Hapo ndipo mimi na mama mkwe tulipobaki peke yetu, bila mtu wa tatu. Nikayaona macho yake kwenye kioo cha juu, yakimtazama binti yake, kisha yakinitafuta sakafuni.

"Mkeo amelala," alisema. "Nimwamshe?"

"Hapana, Mama."

Hilo lilikuwa neno langu la kwanza kwake, bila kulituma. Dari halikuanguka.

Tukafika njia panda ya Outering. Alisimama kupisha lori, akaondoka tena, gari likavuta pumzi, likaongeza mwendo, likaongeza tena. Mayai hayakugongana. Kuku hakutikisika.

"Hapo limebadilisha gia?" aliuliza.

Nilifikiri sana kabla ya kujibu, kwa sababu kazi yangu yote ilikuwa katika jibu hilo.

"Sijui, Mama. Sikusikia."

"Nami sikuhisi." Kisha akacheka, kicheko kilichotoka tumboni, akaupiga usukani kwa kiganja, na mke wangu hakuamka. "Basi inuka huko chini, mwanangu. Mkwe hakai sakafuni na kuku."

Niliinuka. Nilikaa kitini, nikapakata trei mapajani, tukaenda hivyo hadi Burma, watu wawili macho mbele, tukisikiliza kitu ambacho hakikuwepo.

Uwanjani mluzi ulipigwa, halafu ukakatika katikati, waliponiona nimeketi ndani. Mama mkwe alizima gari. Akafungua mlango, akautoa mguu wake kwa mkono, akashika paa, akasimama. Hakuna aliyemnyanyua. Mimi, kwa mazoea, nilikuwa nimeshapiga magoti kuchungulia chini. Ile nati ya lori na pete yake ya shaba zilikuwa zimejaa vumbi la Njiru. Mahali penye oili vumbi hugeuka tope. Hili lilikuwa vumbi kavu, jekundu, zuri.

Nyuma yangu nilimsikia akimwamsha binti yake. "Amka, mama. Mwambie mume wako..."

Akaacha hapo. Nikasikia mguu wake ukiburuta kuzunguka gari, hadi kivuli chake kikanifikia.

"Mkwe wangu," akaniita mwenyewe, "toka huko, ushike trei."